Alichotuachia Mama

4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Habari za huko? Wifi yangu anaendeleaje na mzigo wake? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia tangu tulipomzika Kaka.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unanichekesha kidogo halafu unasema, "Dada, lifti ya ghorofa ya sita imekwama, nikimbie." Barua, hata ikija kwa simu, huwezi kuikimbia kwa utani. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Kabla sijapanda ndege kurudi kazini nilizichukua karatasi za hospitali za Kaka, zile ulizotaka kuzitupa. Si pombe, Kitinda. Waache waseme, sisi tunajua hakuwahi hata kuonja. Ni kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Kilikaa naye miaka yote bila kumuuma popote, mpaka ini likapata kansa. Sasa mkumbuke Mama, macho yake ya njano na lile tumbo lililojaa maji, nasi tukaambiwa "ni tumbo tu." Kirusi hiki mama humpa mtoto siku ya kumzaa, bila yeye mwenyewe kujua. Na Mama alizaa watatu.

Unajua kazi yangu hapa maabara, ingawa huwaambia watu kwamba dada yako anafuga vijidudu. Nafuga seli za ini. Zinaishi kwenye chupa bapa, ndani ya maji ya rangi ya waridi, nazilisha kila baada ya siku mbili. Seli nzima ina adabu. Inagawanyika, zinatandaa chini ya chupa, zikigusana zinaacha. Sasa hicho kirusi kinatengeneza protini moja ndogo ambayo walioigundua hawakujua inafanya nini, wakaiita X basi. Tunaipandikiza hiyo X peke yake kwenye seli nzima. Wiki kadhaa zikipita, nikichungulia kwenye hadubini nazikuta zimepandana, zimerundikana, zinaendelea kuzaana kama vile hazijagusana. Miaka sita nimeyaangalia haya kama kazi tu. Tangu nisome karatasi za Kaka, naogopa kufungua kabati la joto zinamokaa chupa.

Kesho natoa damu yangu. Na wewe nenda. Wifi ana mimba ya miezi sita, huu si wakati wa ubishi.

Ni mimi,
Dada yako

---

9 Februari

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Wifi yako anakula kwa niaba ya watu wanne na kunifokea kwa niaba ya kumi. Miguu bado imevimba, siku hizi anavaa viatu vyangu na mimi natoka na malapa.

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo, nikiwa nimefunga mlango. Nilipomaliza nikaifuta, maana simu hii anaishika pia wifi yako. Dada, mambo kama haya mtu haandikiwi tu hivi. Mtu anafungua simu akidhani anasalimiwa, anakutana na jeneza.

Mimi ni mzima. Wiki iliyopita nimepandisha mota mpya ghorofa nne kwa ngazi, mimi na mwenzangu mmoja. Mgonjwa wa ini anaweza hayo? Kaka alikuwa na lake, Mungu amrehemu, na mimi nina yangu.

Lakini kuna jambo moja limenikaa kichwani. Nimefanya kazi ya lifti miaka kumi na miwili. Lifti haiendi mpaka mtu abonyeze. Ukiiona inapanda na kushuka yenyewe, ujue kuna mahali waya umegusana na waya. Hiyo X yako haina mkono, haina umeme. Inaiambiaje seli "kua" ikakubali? Nieleze kama fundi, usinieleze kama mgonjwa.

Na damu yako imesemaje?

Mdogo wako

---

11 Februari

Kitinda,

Pole na kazi, pole na malapa. Nisalimie wifi.

Nakueleza kama fundi. Ukuta wa seli una vitufe kwa nje. Ukijikata kidole, mwili unataka seli zikue zizibe jeraha, basi unabonyeza. Ndani kuna protini zimejipanga kama rilei zenu, zile swichi za lifti. Ya kwanza inaishtua ya pili, ya pili inaishtua ya tatu, mpaka ujumbe unafika kwenye kiini, ndicho chumba cha mitambo, na seli inaanza kugawanyika. Jeraha likipona, zote zinazima. X haijishughulishi na kitufe. Inaingia katikati na kuziwasha rilei kutoka ndani. Chumba cha mitambo kinapokea "kua, kua, kua," na huko nje hakuna aliyegusa kitu.

Utaniuliza, na breki? Breki ipo. Kuna protini inayoisimamisha seli iliyoharibika, na ikishindikana inaiamuru ijiue. X inaing'ang'ania ile breki isifanye kazi yake. Kwa hiyo kosa dogo halirekebishwi, linazaa lingine. Inachukua miaka ishirini, thelathini. Wengi wenye kirusi hawafiki huko. Mama alifika. Kaka alifika.

Damu yangu imesema sina. Ila ina alama kwamba kiliwahi kuingia na mwili ukakifukuza, pengine nikiwa mtoto. Daktari alinipa mkono wa hongera. Nikaenda kujifungia chooni nikalia, maana alama ile ndiyo ushahidi kwamba nyumbani kwetu kilikuwamo.

Nenda, Kitinda. Nakuomba.

Dada yako

---

20 Machi

Kitinda,

Wiki tano na ushee. Nimepiga, simu inaita mpaka inakata. Jana alipokea wifi, akasema upo, unakula, unakwenda kazini, "ila siku hizi amekuwa mtu wa kunyamaza." Wewe! Wewe uliyeongea mpaka kwenye mazishi!

Kama umepima, niambie. Kama hujapima, niambie pia. Nikifika kazini siku hizi nawaomba wenzangu wanishikie zamu ya hadubini. Nasema macho yananiuma. Sina tatizo la macho. Nikiona zile seli zilizopandana nakuona wewe.

Usinifanye nikisie.

Dada yako

---

29 Machi

Dada, shikamoo.

Nisamehe. Nimejua tangu tarehe ishirini na tatu Februari.

Sikwenda kwa hiari, nisikudanganye. Hospitali walituita, lifti ya vitanda imekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mgonjwa na muuguzi ndani. Tuliwatoa salama, lakini kuna kifaa kilibidi kitoke ofisini, nikawa nasubiri kwenye benchi. Nanyanyua macho, benchi lenyewe ni la wanaosubiri kupimwa damu. Mhudumu wa maabara akatoka, akadhani nami nipo foleni. Akaniita, "Wewe mwenye nguo za kazi, ingia." Nikaingia. Sijui kwa nini sikumwambia mimi ni fundi.

Ninacho, Dada. Halafu wakanipiga picha ya ini, wakaona doa la sentimita mbili. Daktari akasema huenda si kitu, huenda ni kitu, niende kwenye mashine kubwa zaidi. Sijaenda. Kila asubuhi nasema kesho.

Wifi yako hajui. Nimenunua kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, navificha juu ya kabati. Nalala sebuleni, nasema mgongo unauma. Juzi aliniuliza, sauti ya chini kabisa, kama kuna mwanamke mwingine. Nikamwambia hapana. Aliniangalia nikaona haamini.

Usinicheke. Nikiwa peke yangu juu kule kwenye mitambo naweka mkono hapa kwenye mbavu za kulia, nasikiliza. Nasikiliza nini? Hiyo X yako, imeshaanza? Kuna namna mtu anaweza kujua?

Na kuna jambo la aibu, acha niliseme liishe. Nilipopata majibu yangu nikakumbuka wewe huna, nilikasirika. Siku mbili nzima nilikuchukia.

Usimwambie wifi yako.

Mdogo wako

---

29 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Hata mimi ninajikasirikia.

Kirusi hakipitii kikombe, Kitinda. Wala sahani, wala kulala karibu na mkeo. Kinapita kwa damu, wembe wa kushirikiana, kujamiiana, na siku ya kuzaa. Hivyo vyombo vyako vishushe kabatini leo hii.

Sikiliza la muhimu zaidi. Wifi lazima apimwe wiki hii. Kama hana, achanjwe. Kama anacho, ataanza vidonge vya kukipunguza kabla hajajifungua. Na mtoto, kwa vyovyote vile, achomwe chanjo ndani ya saa ishirini na nne tangu azaliwe, na kama ipo achomwe na sindano ya kinga ya haraka, paja lile lingine. Saa hizo ni za dhahabu. Mama hakuwa na wa kumwambia. Wifi anaye, na huyo ni wewe.

Usipomwambia mpaka Jumapili, Jumatatu nampigia mimi.

Doa lako sijui ni nini. Ningekuwa nadanganya nikikuambia najua. Hakuna sikio linaloisikia X, mkono wako uutoe mbavuni. Kuna mashine, na mashine hiyo unaikimbia.

Ninaogopa kama wewe. Lakini nenda.

Dada yako

---

3 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimemwambia. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo za mtoto. Nikasema, "Mke wangu, mimi ninaumwa." Hakuinua kichwa. Nikamweleza yote, Kaka, Mama, damu, doa, kikombe. Akaendelea kukunja shati lile lile, anakunja, anakunjua. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Wiki sita umeniacha nihesabu wanawake wote wa mtaa huu, kumbe ni ini?"

Dada, alicheka. Kisha akanipiga na ile nguo, akalia mpaka nikaogopa uchungu utaanza. Aliponyamaza akasema, "Twende." Nikasema leo sikukuu, maabara itakuwa imefungwa. Akasema, "Twende tukaone imefungwa." Ilikuwa wazi.

Anacho. Hatujui nani alimpa mwenzake, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza. Vidonge ameanza jana, siku yenyewe ya majibu. Daktari alisema ingekuwa bora kama angeanza mwezi mmoja nyuma. Huo mwezi mmoja ni mimi, Dada. Ni lile benchi na kile kikombe. Nitaubeba.

Usiku analala kwa utulivu kuliko mimi. Mimi ndiye naamka kusikiliza kama mtoto anacheza tumboni.

Mdogo wako

---

5 Aprili

Kitinda,

Nimempigia wifi, tumeongea saa nzima, tumelia wote, tukakusengenya kidogo ndipo tukapata nafuu.

Kuhusu mwezi mmoja, acha kujihesabia. Fanya yafuatayo. Nenda hospitali atakayojifungulia, muulize mwenye friji ya chanjo kwa mdomo, si kwa kusikia, kama wanayo ya siku ya kwanza. Muulize nani anashika ufunguo siku za mapumziko. Nimeomba likizo, nimekataliwa mpaka Agosti. Kwa hiyo mikono ni yako.

Na ile mashine?

Dada yako

---

3 Mei

Dada, shikamoo. Shangazi wa mtu sasa!

Ni binti. Jana Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Wifi yako mzima, kachoka, ananituma kama kawaida.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa nimeshauliza kila kitu, kama ulivyosema. Chanjo ipo, imo frijini. Binti anatoka, analia, nakwenda kwa mkunga: "Chanjo." Mkunga anasema, friji imefungwa, ufunguo anao mama wa chanjo, na mwenzake aliyekuwa akabidhiwe ameugua ghafla. Simu ya mama wa chanjo imezimwa. "Kesho saa mbili atakuwa hapa, usiwe na haraka baba."

Kesho saa mbili, Dada, ni saa ishirini na sita!

Nikaomba nielekezwe kwake. Nilimkuta uani anafua, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimia, nikamwambia shida yangu. Akasema, "Baba, hata mimi nina siku moja ya kupumzika. Wengi wanachomwa siku ya pili na wanakua."

Basi nikamwambia neno ambalo sijamwambia mtu nje ya nyumba yangu. Nikasema, "Mama, mimi ninacho. Nilipewa na mama yangu siku aliyonizaa. Kaka yangu kilimuua mwaka huu huu. Mke wangu anacho. Yule mtoto ana saa tatu tangu azaliwe. Nisaidie asipewe na yeye."

Alifuta mikono kwenye gauni lake, akaingia ndani, akatoka na ufunguo na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Tulipanda pikipiki ya jirani yake. Saa tano kasorobo mtoto alichomwa. Alipiga kelele nikafurahi, sijawahi kufurahia mtu kulia.

Ila ile sindano nyingine, ya kinga ya haraka, hawana. Nimezunguka hospitali mbili baada ya hapo, hawana. Kwa hiyo ni vidonge vya mama vya mwezi mmoja, na hiyo chanjo moja, basi. Wamesema damu yake haiwezi kutuambia kitu cha kuaminika mpaka afikishe miezi tisa. Miezi tisa mingine, Dada. Nitakaaje miezi tisa nikimwangalia?

Mashine nakwenda Jumanne. Wifi yako ameshika mwenyewe karatasi ya miadi, amesema hanirudishii.

Mdogo wako, baba wa binti

---

21 Mei

Dada, shikamoo.

Ni kansa. Moja, ndogo, haijatoka nje ya ini. Daktari amesema imeonekana mapema na inaweza kukatwa. Alisema neno "mapema" mara tatu, mimi nikasikia lile lingine tu.

Tarehe kumi na tano Juni wananipasua.

Nilimuuliza daktari, ikikatwa, X inaondoka? Akaniangalia akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia nina dada. Akasema kirusi kitabaki, vidonge vitakilaza, na mimi nitakuwa mtu wa kupimwa kila baada ya miezi mitatu maisha yangu yote.

Ofisini nimesema ni henia.

Dada, naogopa. Nimezoea kutania, nikakosa. Nimekaa hapa nimembeba binti, ana vidole virefu kama vya Mama, na ninaogopa mpaka meno.

Mdogo wako

---

22 Mei

Mdogo wangu,

Ogopa. Hakuna anayekukataza. Kaka aliogopa peke yake, hakumwambia mtu mpaka macho yakawa ya njano, na hilo ndilo siwezi kulisahau. Wewe umeniambia.

Jana nilirudi kwenye hadubini. Tunajaribu dawa ya kuitenganisha X na ile breki. Chupa moja kati ya kumi inaonekana kurudi kwenye adabu, pengine nimekosea kuhesabu. Sikuahidi kitu. Nakuambia tu kwamba niliangalia mpaka mwisho bila kufumba macho.

Agosti nipo. Utanipokea ukiwa umesimama.

Dada yako

---

2 Novemba

Kitinda,

Hamjambo nyote? Binti ametoa jino la pili?

Tangu nirudi kutoka huko hujaniandikia. Wifi anasema kovu limefunga vizuri, umerudi kazini kwa kazi nyepesi, picha ya Septemba ilikuwa safi. Nafurahi. Lakini nakujua. Ukinyamaza kuna kitu unakisikiliza.

Ni damu ya mtoto, eti?

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako

---

9 Februari

Dada, shikamoo.

Ni damu ya mtoto, ulikisia. Miezi yote hii sikuweza kuandika neno lolote ambalo si hilo, na hilo sikutaka kuliandika. Nilimwosha nikimkagua macho. Akilala sana naogopa, akikataa kula naogopa, akicheka naogopa zaidi. Picha yangu ya pili ilitoka safi mwezi Desemba na nilisahau kukuambia, unaona nilivyokuwa.

Wiki iliyopita walimtoa damu. Leo tumekwenda kwa majibu, sote watatu. Mhudumu wa maabara alinipa bahasha nikashindwa kuifungua. Nilimpa wifi yako mtoto, akanirudishia mtoto, akachukua bahasha. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Hana."

Nikasema, "Soma vizuri."

Akasema, "Hana, na chanjo imeshika. Imeandikwa."

Nilitaka nikuandikie kwamba nilishukuru kiutu uzima. Wifi yako amekaa hapa pembeni, anasema niandike ukweli. Ukweli ni kwamba nilikaa sakafuni katikati ya korido na mtoto mapajani, nikalia kwa sauti, watu wakaanza kusogea. Mama mmoja mtu mzima akainama, akanishika bega, akasema, "Pole sana mwanangu. Mungu amlaze mahali pema."

Wifi yako ndiye aliyemwambia, "Asante mama, lakini hapa hakuna aliyekufa."

Mdogo wako